Namba kwenye kava la gemu: mzazi aisome vipi, na pasipo na kava afanyeje

Kwa miezi kadhaa nilikuwa nampa kijana wangu wa darasa la tatu shilingi mia tano kila Jumamosi akacheze "gemu ya magari". Ndivyo alivyoiita, nami nikaridhika. Magari yana ubaya gani? Siku moja tuko mezani, akawa anamsimulia dada yake: unamvizia dereva kwenye taa, unamvuta nje, ukimpiga mateke hela zinadondoka, unaokota, unaondoka na gari. Polisi wakija, nyota zinapanda. Mama yake akaniangalia. Mimi nikaangalia ugali.

Gemu yenyewe ilikuwa Grand Theft Auto: San Andreas, ya mwaka 2004. Ulaya imepewa 18. Marekani imepewa M, yaani miaka 17 kwenda juu. Mwanangu alikuwa na miaka 9. Na kijana wa kibanda cha gemu hakuwa amenidanganya, maana magari yamo kweli.

Tangu siku hiyo nimejifunza kuzisoma hizi alama za umri, na nimegundua kwamba shida ya mzazi wa huku kwetu si ya mzazi wa London. Yeye anashika kava dukani, anaona namba, anaamua. Sisi gemu inatufikia bila kava: diski ya kuchoma ndani ya mfuko wa nailoni, faili lililorushwa kwa Xender, ile programu ya kurushiana mafaili kati ya simu, au hard disk ya PS3 iliyojazwa gemu mia kadhaa. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia pale ambapo kava halipo.

Hatua ya kwanza: pata jina kamili

Watoto wana majina yao. Kuna "ya mpira", "ya kupigana", "ya kukimbia treni". Hayo hayakusaidii kitu. Chukua hiyo "ya kupigana" peke yake: inaweza kuwa Tekken 7, ambayo Ulaya ni 16 na Marekani ni ya kuanzia miaka 13, au inaweza kuwa Mortal Kombat 11, ambayo ni 18 na M, na ambamo mshindi humalizia kwa kumpasua mwenzake vipande huku kamera ikisogezwa karibu ili usikose kuona. Mtoto akikwambia anakwenda kucheza ya kupigana, bado hujaambiwa lolote.

Namna rahisi ni kumwomba akuonyeshe gemu inavyofunguka. Kabla ya kuanza, jina lote hutokea kwenye skrini. Piga picha kwa simu yako, na uhakikishe namba ya toleo imeingia kwenye picha, kwa sababu kila toleo hupimwa peke yake. Usimuulize kama polisi. Mwambie tu, "Hebu nione hiyo unayoisifia." Mtoto wa miaka 9 anayepewa nafasi ya kuonyesha gemu yake hamalizi maneno, na utajua zaidi ya ulichokwenda kuuliza.

Hatua ya pili: tafuta alama yake

Ukishakuwa na jina, kuna milango miwili mikubwa.

Wa kwanza ni PEGI, mfumo wa Ulaya ulioanza mwaka 2003. Ngazi zake ni 3, 7, 12, 16 na 18. Rangi zinasaidia hata ukiwa mbali: 3 na 7 ni kijani, 12 na 16 ni rangi ya chungwa, 18 ni nyekundu. Kampuni yenye gemu hujaza fomu ndefu ya maswali, kisha majibu hukaguliwa na taasisi mbili, NICAM ya Uholanzi na GRA ya Uingereza. Ingia pegi.info, andika jina la gemu kwenye kisanduku cha kutafutia, utaletewa namba na sababu zake.

Wa pili ni ESRB ya Marekani. Huu ulizaliwa mwaka 1994, baada ya maseneta kuitana mwaka uliotangulia na kuonyeshwa vipande vya Mortal Kombat na Night Trap. Serikali ilitishia kutunga sheria, kampuni zikaona heri zijipime zenyewe. ESRB hutumia herufi. E ni ya watu wote. E10+ ni miaka 10 kwenda juu. T ni miaka 13 kwenda juu. M ni 17 kwenda juu. AO ni watu wazima tu, na hiyo utaiona kwa nadra sana. RP maana yake gemu haijapimwa bado.

Mimi naupenda ukurasa wa esrb.org kwa sababu moja: gemu nyingi zina maelezo mafupi ya aya moja yanayotaja matukio yenyewe, nani anampiga nani, kwa silaha gani, damu inaonekana wapi, matusi gani yametumika. Kama Kiingereza kinakusumbua, nakili aya hiyo uipeleke kwenye programu ya kutafsiri. Dakika mbili hizo zinazidi saa nzima ya kubishana na mtoto.

PEGI na ESRB wakitofautiana, mimi huchukua namba kubwa. Si kwamba Wazungu wa upande mmoja wana akili zaidi. Ni kwamba mtoto akishazoea kwa namba ndogo, kumrudisha nyuma ni vita.

Kwenye simu ya Android hali ni rahisi kidogo. Fungua Play Store, tafuta gemu, na chini ya jina, karibu na nyota za maoni, kuna kiboksi chenye umri: 3+, 7+, 12+, 16+ au 18+. Namba hizo hutoka kwenye mfumo uitwao IARC, ambao Google iliuingiza dukani mwake mwaka 2015. Mtengenezaji hujibu maswali mtandaoni na mfumo unatoa alama papo hapo, kwa kila sehemu ya dunia alama inayotumika huko. Ndiyo maana binamu aliyeko Marekani anaweza kuona neno Teen pale ambapo wewe Mwanza unaona namba. Ubaya wake ni kwamba hakuna mtu aliyekaa kuicheza gemu hiyo kabla haijapewa alama. Gemu ya kampuni usiyoijua, yenye picha ya katuni ya sungura, iangalie kwa macho yako hata kama imeandikwa 3+.

Kwenye iPhone, Apple wana zao. Kwa miaka mingi zilikuwa 4+, 9+, 12+ na 17+. Mwaka 2025 walizipanga upya, wakaondoa 12+ na 17+ na kuweka 13+, 16+ na 18+. Ukiona mwongozo wa zamani una namba tofauti na unazoziona kwenye simu, sababu ndiyo hiyo.

Sasa neno kwa wanaopokea mizigo. Mjomba akileta diski kutoka Ujerumani, utaona alama za USK: 0, 6, 12, 16, 18. Hapo rangi zinakutega, kwa sababu kijani cha Ujerumani ni 12, na bluu ni 16. Ukizoea kijani cha PEGI unaweza kumpa mtoto wa miaka 5 kitu kisicho chake. Mashine za mtumba kutoka Japani huja na herufi za CERO: A ni wote, B ni 12, C ni 15, D ni 17 na Z ni 18. Diski za Saudia zina namba zilezile za 3, 7, 12, 16 na 18, ila pembeni kuna Kiarabu. Na kwa walioko Kenya, alama za GE, PG, 16 na 18 za bodi ya KFCB mmeshazizoea kwenye filamu. Kwa gemu za PlayStation na za simu, mtakachokutana nacho mara nyingi ni hizo za Ulaya na Marekani.

Hatua ya tatu: namba peke yake haitoshi, soma vipicha

Kosa la kwanza nililofanya baada ya kujua PEGI ni kudhani kwamba namba inasema ugumu wa mchezo. La. Chesi ingeweza kupewa 3, na ni watu wazima wangapi wanaoiweza? eFootball ina 3, lakini mtoto wa miaka mitatu hata pasi hawezi kupiga. Namba inajibu swali moja tu: ndani humu kuna kitu kisichomfaa aliye chini ya umri huu?

Kitu gani? Hapo ndipo vipicha vinapoingia. Nyuma ya kava la PEGI, au chini ya namba kwenye tovuti yao, kuna miraba midogo. Ngumi ni ukatili. Kiputo cha maneno chenye alama za ajabu ndani ni matusi. Buibui ni vitisho, vitu vya kuogofya. Bomba la sindano ni dawa za kulevya, na hata pombe na sigara. Alama za kike na kiume zilizounganishwa ni mambo ya ngono. Dadu ni kamari. Kuna kimoja cha ubaguzi, ambacho sijawahi kukutana nacho. Na kuna mkono ulioshika kadi, kilichoongezwa mwaka 2018, cha kununua vitu ndani ya gemu. Huo mkono nitaurudia.

Kipicha kilekile hubadilika uzito kulingana na namba kinayokaa nayo. Ngumi kwenye 7 ni kama katuni, mtu anagongwa na nyundo anaona nyota. Ngumi kwenye 12 ni risasi na mapigano ambayo hayafanani sana na kweli. Fortnite iko hapo. Ngumi kwenye 16 ni ukatili unaofanana na wa maisha halisi. Ngumi kwenye 18 ni kuua watu wasio na uwezo wa kujitetea, kukata viungo, mambo ya God of War. Kwa hiyo soma viwili kwa pamoja: namba, kisha kipicha.

Na hapa mzazi ndiye anayemjua mtoto. Binti yangu mkubwa anaweza kuangalia watu wakirushiana risasi asijali, lakini buibui mmoja kwenye kava la 12 humkosesha usingizi wiki nzima na kututoa sisi kitandani. Mdogo wake ni kinyume, vitisho vinamchekesha, ila tusi akilisikia mara moja kesho liko shuleni. Namba ni moja kwa wote wawili. Kipicha ninachokitafuta ni tofauti.

Hatua ya nne: yale ambayo namba haiyasemi

Haya ni mawili, na ndiyo yanayowaliza wazazi wengi kuliko damu.

Kwanza, watu wengine. Alama ya umri inapima kilichotengenezwa na kampuni. Haipimi mtu mzima asiyejulikana anayeongea na mwanao kwenye spika usiku wa saa nne. ESRB huongeza maneno chini ya herufi yake, kama Users Interact, maana yake wachezaji wanawasiliana wao kwa wao. Ukiliona neno hilo, jua kuna gumzo. Free Fire, ile gemu ya risasi ya kwenye simu, ina gumzo la sauti. Roblox ni mfano mzuri zaidi, kwa sababu si gemu moja bali ni soko lenye gemu nyingi mno zilizotengenezwa na watumiaji wenyewe. PEGI walishindwa kuipa namba ya kawaida, wakaiwekea alama ya mshangao yenye maana ya kwamba mzazi asimamie. Ukimwachia mtoto Roblox, usiulize "unacheza nini?" Jibu litakuwa Roblox. Uliza, "Ndani ya Roblox umeingia chumba gani, na nani?"

Pili, pesa. Rudi kwenye ule mkono ulioshika kadi. Gemu za mpira za EA, zile tulizoziita FIFA na sasa ni EA Sports FC, Ulaya zina 3. Hakuna tusi, hakuna damu, mzazi anatulia. Lakini ndani kuna pakiti za wachezaji: unalipa kwanza, ndipo unafungua kuona umepata nani. Unaweza kupata Mbappé, unaweza kupata beki wa akiba usiyemjua. Ubelgiji mwaka 2018 bodi yao ya kamari ilisema pakiti za namna hiyo ni kamari, na mwanzoni mwa 2019 EA wakaacha kuuza huko sarafu za kununulia pakiti. Wajerumani nao walibadili vigezo, na EA Sports FC 24 ikapata 12 kutoka USK, wakati FIFA za nyuma zilikuwa 0. Uwanja ni uleule, mpira ni uleule, kilichopandisha namba ni duka lililofichwa ndani. PEGI wao, tangu 2020, huandika kando ya mkono kwamba kuna vitu vya bahati nasibu. Maneno madogo hayo ndiyo ya kutafuta.

Usidhani ni uzembe wa watoto wetu tu. Desemba 2022 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilikubaliana na Epic Games, wenye Fortnite, walipe dola milioni 245 za kuwarudishia wateja waliojikuta wamenunua vitu wasivyokusudia, pamoja na milioni 275 nyingine kwa kukusanya taarifa za watoto kinyume cha sheria. Moja ya malalamiko ilikuwa jinsi vitufe vilivyopangwa, kidole kikiteleza tu umeshanunua.

Huku kwetu njia ni nyingine lakini shimo ni hilohilo. Kenya unaweza kuunganisha M-Pesa na duka la Google. Kwingine mtoto hahitaji hata hilo: anachukua namba yake ya mchezaji, anampelekea muuza almasi za Free Fire, yaani pesa za ndani ya gemu, kwenye WhatsApp, anatuma hela kutoka simu ya mama, almasi zinaingia. Na namba ya siri ya mama anaijua, kwa sababu yeye ndiye tunayemtuma kuangalia salio. Ibadilishe leo, na salio ukaangalie mwenyewe.

Hatua ya tano: funga simu

Kwa Android: ingia Play Store, bonyeza picha ya akaunti juu kulia, ingia Mipangilio, kisha Familia, kisha vidhibiti vya wazazi. Simu iliyowekwa Kiingereza itaandika Settings, Family, Parental controls. Washa, weka namba ya siri isiyo mwaka wa kuzaliwa wa mtoto wala 1234, kisha chagua umri wa mwisho unaouruhusu. Ukimaliza, rudi kwenye Mipangilio na uhakikishe kila ununuzi unadai uthibitisho.

Kufuli hilo lina matundu mawili. Gemu zilizokwishawekwa kabla hujafunga zitabaki palepale, kwa hiyo pitia simu na ufute mwenyewe. Na faili la APK, yaani programu ya Android katika faili moja, likirushwa kwa Xender au WhatsApp halipiti dukani kabisa. Nenda kwenye mipangilio ya simu, kwenye ruhusa za kusakinisha programu kutoka vyanzo visivyojulikana, uzime zote, hasa ya WhatsApp, ya kivinjari na ya Xender.

Kama mtoto ana simu yake, weka Family Link ya Google. Ataomba ruhusa kwako kabla ya kupakua, na unaweza kupanga saa. Kwa iPhone, ni Screen Time ndani ya mipangilio.

Hatua ya sita: mashine ya nyumbani

PS4 ina sehemu ya Parental Controls kwenye Settings. PS5 inaitwa Family and Parental Controls. Utaulizwa namba ya siri, na inayotoka kiwandani ni 0000. Ibadilishe hapohapo, maana hiyo 0000 inajulikana na kila mtoto mtaani. PS3 nayo ina kufuli lenye 0000, ila hutumia ngazi za kuanzia 1 hadi 11 badala ya umri. PS2 usihangaike nayo. Kufuli lake ni la filamu za DVD. Hapo kufuli ni wewe: diski zisizofaa ziweke juu ya kabati na mambo yaishe.

Mashine iwe sebuleni, televisheni itazame mlango. Hili halina teknolojia yoyote na ndilo linalofanya kazi kuliko yote niliyoandika juu.

Hatua ya saba: kibandani

Uingereza, tangu mwaka 2012, muuza duka akimuuzia mtoto gemu ya 12, 16 au 18 asiyefikia umri huo, ametenda kosa. Kwenye kibanda cha mtaani kwetu hakuna anayeuliza umri, na ukienda kwa ukali utatolewa na kicheko cha vijana. Mimi niliwafuata wazazi wenzangu wawili kwanza, Baba Imani na mama mmoja anayeuza chapati mkabala na kibanda, tukaenda Jumapili asubuhi kabla wateja hawajajaa.

"Shikamoo mzee. Leo mmekuja kucheza?"

"Marahaba. Tumekuja kuongea biashara."

Neno biashara ndilo lililomfanya aweke padi chini. Tulimwambia hatutaki kufunga kibanda, na watoto wetu wataendelea kuja na hela zao. Tukamwonyesha kwenye simu ile 18 nyekundu. Akasema, na nilimwelewa, kwamba yeye analipwa kwa muda, si kwa gemu. Watoto wenyewe ndio wanaochagua. Basi tukamwambia, kama hela ni ileile, una hasara gani ukichagua wewe?

Tuliafikiana hivi. Ana televisheni tatu. Ile ya mlangoni, inayoonekana kutoka barabarani, iwe ya watoto waliovaa sare na wote wa shule ya msingi: mpira, na mbio za magari zisizo na bunduki. Zile mbili za ndani ni za wakubwa. Saa kumi na mbili jioni watoto watoke. Akachana boksi la maji, akaandika kwa makapeni nyeusi, TV 1 WATOTO, akalining'iniza kwa waya. Mama wa chapati ndiye mlinzi wetu. Akiona mtoto kaingia ndani, anampigia mzazi husika kabla chapati haijageuzwa.

Inavunjwa? Inavunjwa. Mwezi wa kwanza boksi lilianguka mara mbili na hakuna aliyeliokota mpaka tulipouliza. Ukifanya hivyo mtaani kwako, panga kupita mara moja kwa wiki, na ukipita nunua hata nusu saa. Kijana atakuona mteja, hatakuona mkaguzi.

Hatua ya nane: kaa ucheze naye

Nusu saa inatosha. Usishike simu yako. Angalia kinachotokea mchezaji akishindwa, maana gemu nyingi hufichua tabia yake hapo: nyingine inasema jaribu tena, nyingine inaleta kitufe kinachometa cha kununua nguvu. Sikiliza sauti za wachezaji wengine. Angalia mtoto ukimwambia muda umekwisha, anaweka padi chini au anatupa?

Ukilazimika kukataza, taja sababu iliyoandikwa. Nilipomwambia kijana wangu kwamba San Andreas imekwisha, alilia. Nikamfungulia ukurasa tukausoma wote, yeye akisoma vipicha kwa sauti. Hakukubali, ila aliacha kusema kwamba nimejitungia. Na usiondoe bila kuweka mbadala. Sisi tuliweka Minecraft, ambayo PEGI wameipa 7, na eFootball kwenye simu yangu.

Bibi yao ana simu yake na hana kufuli. Huko bado tunajadiliana.

Jumamosi iliyopita kijana wangu alinifunga mabao sita. Baada ya mechi ikatokea picha ya mchezaji anazunguka kwenye mwanga, fataki pembeni, na kitufe kikubwa chini. Nikapeleka kidole nifunge.

"Hapo usibonyeze, baba," akasema, akausogeza mkono wangu. "Hapo wanauza."